Kura ya Mzee Mbwana wa Skelby

Asiyejihesabu hahesabiwi. Ndiyo, maneno hayo hayo mama yenu aliyomrushia kaka yenu Idarusi jana, pale alipopanga magari ya harusi, akampa kila mtu kiti mpaka na shangazi zake wa kufikia, kisha akabaki yeye mlangoni na suti yake. Mlicheka sana. Mimi sikucheka, na ndiyo maana mmenifuata huku jikoni kuniuliza kulikoni. Basi kaeni. Rukia, shika hicho kisu umenye vitunguu, kusikiliza hakuzuii mikono. Kama mnadhani methali hii tulikuja nayo kutoka kwetu ndani ya sanduku, pamoja na kanga na mbuzi ya nazi, mmekosea. Ilizaliwa hapa hapa Uingereza, huko mashambani, na mimi nilikuwapo. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mzee mmoja, Mbwana Shekue, mtu wa Pangani, mume wa binamu yangu Mwanahawa. Alifika nchi hii kijana, akapata kazi katika kiwanda cha jibini nje ya kijiji kiitwacho Skelby, akakaa huko huko. Sisi wengine tulikaa mjini, tukisikiana sauti na kuazimana sufuria. Wao walikuwa wawili tu, kati ya kondoo na mvua. Hawakujaliwa mtoto. Lakini nawaambieni, nyumba ile ilikuwa na mazungumzo kuliko hii yenu yenye watu tisa, kila mmoja na simu yake. Mwanahawa alianza kusema alfajiri, na mumewe akimwitikia mpaka wanalala.

Mwanahawa akafa. Tukamzika kwenye makaburi ya Skelby, pembeni kabisa, tukamlaza kuelekea kibla, na watu wa pale hawakuweka neno. Kando yake palibaki ardhi tupu, majani tu. Mzee Mbwana aliizoea ile ardhi kama mtu anavyouzoea upande wake wa kitanda. Akienda kumzuru mkewe husimama hapo hapo, hasogei kwingine.

Siku moja nilimsindikiza kutoka kaburini. Akafungua mlango wa nyumba yake kwa ufunguo, akasimama kizingitini, akasema, "Hodi." Akangoja kidogo. Mimi nikaitikia, "Karibu," kwa mazoea tu, na yule mzee akashtuka mpaka ufunguo ukamwanguka. Akaniambia, "Toka amekufa sijaitikiwa." Nilikwenda jikoni nikalia, nikijifanya natafuta sukari.

Sasa, mwaka uliofuata baraza la wilaya likatangaza kwamba linataka kuyafunga makaburi yale. Hakuna kaburi jipya litakalochimbwa, na ardhi iliyobaki itajengwa nyumba za vijana wasio na pa kukaa. Mwenye mtu wake pale ataweza kuzikwa juu yake, kaburi moja. Kwa Waingereza hilo si neno, mume huwekwa juu ya mkewe wakaendelea na ugomvi wao. Sisi kila mtu na kaburi lake na mwanandani wake. Na kaburi la akiba, kumuuzia mtu aliye hai, wilaya ile haikuwa na utaratibu huo. Kwa hiyo makaburi yakifungwa, Mwanahawa atalala peke yake katika kijiji kile mpaka siku ya kiyama. Hilo ndilo lililomwondoa Mzee Mbwana kwenye kiti chake.

Madiwani waligawanyika nusu kwa nusu juu ya jambo lile, wakakwama. Mara diwani wa kata ya Skelby akahamia Uhispania kwa mwanawe, kiti kikawa wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Atakayekipata kile kiti ndiye atakayekata shauri. Na Mzee Mbwana, mtu ambaye hata dukani akirukwa kwenye foleni hanyanyui sauti, akanipigia simu kuniambia anagombea udiwani. Nilidhani ana homa.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Bwana Thackray, mfugaji wa kondoo. Msimfanye mbaya. Alikuwa mtu mwema, ana wajukuu wawili wanaolala sebuleni kwake, naye alizitaka zile nyumba kwa ajili yao na wenzao. Alisema waziwazi, na mzee wetu naye akasema waziwazi. Hapakuwa na matusi.

Mzee akaanza kwenda mlango kwa mlango kuomba kura. Nilikwenda naye Jumamosi moja, nikaona maajabu. Anafika kwenye nyumba, anasimama hatua mbili kutoka mlangoni, kwa ubavu, asije akachungulia ndani ya nyumba ya watu. Anagonga. Anasema hodi kwa sauti ya chini. Anagonga tena. Akigonga mara ya tatu bila jibu anageuka na kuondoka, kama tulivyofunzwa. Lakini Mwingereza wa shamba hafungui haraka. Atamfunga mbwa kwanza, atavaa viatu, ndipo aje. Wakifungua mlango wanakuta mgongo wa mzee umekwisha fika barabarani. Wanapunga mkono, naye anapunga, basi.

"Rudi useme nao," nikamwambia.

"Wameshanipungia, Kazija. Nikirudi nitakuwa nawalazimisha."

"Mgombea kazi yake ni kulazimisha."

"Hao wana shughuli zao. Mimi ni nani hapa?"

Hilo lilikuwa neno lake. Mimi ni nani hapa. Miaka yote ile amekaa Skelby, amewatengenezea jibini wanalokula, na bado aliishi kama mgeni aliyeambiwa gari lake li njiani. Nilimkasirikia, sisemi uongo. Kuna kunyenyekea, na kuna kujifuta.

Siku mbili kabla ya uchaguzi tukagombana hasa kwenye simu. Nilimwambia, "Na wewe mwenyewe usisahau kujipigia."

 Akasema, "Mtu ajipigie kura?"

"Wote wanajipigia. Thackray atajipigia."

"Kwao ndivyo wanavyofanya. Mimi nimekwenda kwenye milango ya watu kuomba. Mwombaji hajipi, Kazija. Sura yangu nitaiweka wapi?"

"Hakuna atakayekuona. Ni kijimeza na penseli."

"Nitajiona mimi."

Nikamwambia heshima si utumwa. Akaniambia kwamba kura yake ni moja tu, itazidisha nini, kama watu hawamtaki haimfai, na kama wanamtaka haihitajiki. Mkisikia hivyo mnaona kama ana akili.

Akaenda kupiga kura katika shule ya kijiji. Aliyoyafanya humo ndani nilikuja kuyaona kesho yake asubuhi, kura zilipohesabiwa mjini, kwenye ukumbi wa michezo wa wilaya. Kila mgombea aliruhusiwa kuja na wakala wake, na wakala wa Mzee Mbwana nilikuwa mimi. Alivaa koti lake la harusi. Njia nzima alikuwa akiniambia nisivunjike moyo akipata kura tatu au nne.

Wakazimwaga karatasi mezani, wakaanza kuzitenga mafungu mawili. Nikaliangalia fungu letu likipanda. Nikamwangalia mzee. Lile fungu liliendelea kupanda, na la Thackray likipanda, na watu wa mezani wakaanza kutazamana. Msimamizi wa uchaguzi, mama mmoja mrefu aitwaye Bi Ridley, akaja akanong'ona nao. Wakahesabu tena upya. Kisha akawaita wagombea wote wawili, akawaambia wamelingana, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa kura moja.

"Nusu yao?" mzee akaniuliza kwa Kiswahili. "Kazija, amesema nusu?"

"Amesema nusu."

Alishika ukingo wa meza. Nilimsogezea kiti, akakataa kukaa.

Bi Ridley akasema kabla ya kwenda mbele lazima wagombea wazitazame zile karatasi zilizoharibika, wakubaliane kwamba kweli zimeharibika. Zilikuwa chache. Mmoja alitia alama kwa wote wawili. Mwingine alichora kondoo. Ya mwisho haikuwa na alama yoyote, ila chini ya majina mtu alikuwa ameandika maneno kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa kizamani. Bi Ridley akaiinua.

"Hii lugha hatuijui," akasema. "Kuna anayeijua?"

Mimi niliisoma kabla hajamaliza kuuliza. Ilikuwa imeandikwa hivi: *Mwombaji hajipi. Nimewaachia nyinyi.*

Watu wote wakamgeukia mzee. Katika kata nzima ya Skelby palikuwa na mtu mmoja tu wa kuandika maneno yale. Bi Ridley naye alijua, nikamwona uso unambadilika.

"Bwana Shekue," akasema polepole, "inasema nini?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema, inasema nampa kura Shekue, na nani pale angembishia zaidi ya mimi, na mimi ningekula yamini. Namwomba Mungu anisamehe, lakini ningekula. Mzee akatafsiri sawasawa, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake kile cha taratibu.

Bwana Thackray akavua kofia. "Mhesabieni," akasema. "Kila mtu hapa anajua alikuwa anamtaka nani. Mimi nilijipigia yangu bila haya. Mpeni na yeye yake."

Bi Ridley akatikisa kichwa. "Hakutia alama. Na mtu akiandika kitu cha kumtambulisha, karatasi yake haihesabiki. Sheria hainiruhusu kukisia moyo wa mtu." Alisema huku hamtazami mzee. "Nasikitika, Bwana Shekue."

Mzee akasema, "Umefanya haki, mama."

Basi wakalingana vile vile. Na hapo ndipo nilipojua kwamba wenzetu hawa wakilingana hawarudii uchaguzi. Wanapiga kura. Sisi neno letu ni moja, kura ya penseli na kura ya bahati, lakini wao huliita jina jingine kabisa: vikaratasi viwili vimekunjwa, majina mawili, vinatiwa ndani ya boksi, mtu anatia mkono. Vile vile tulivyokuwa tukifanya utotoni kumpata wa kwenda kisimani. Bi Ridley akatia mkono, akakunjua, akasoma.

"Thackray."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee akampa Thackray mkono, akamshukuru na Bi Ridley, akachukua koti lake. Tukaondoka kwa gari mpaka tukayaona makanisa ya Skelby na vile vilima vyake. Ndipo akaniambia nisimamishe gari kando.

"Nusu ya kijiji, Kazija," akasema. "Walifunga mbwa wao, wakavaa viatu, wakaja mpaka shuleni kwa ajili yangu. Watu ambao hata sikungoja wafungue mlango." Akainamisha kichwa. "Wote walikuwamo. Mimi tu sikuwamo."

Akalia. Sijapata kumwona mtu mzima akilia vile, hata siku ya maziko ya Mwanahawa hakulia hivyo. Sikumwambia, "Nilikwambia." Nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza.

Thackray alipiga kura yake barazani kama alivyowaahidi watu wake, na makaburi yakafungwa. Alikuja mwenyewe kumwambia mzee, wakanywa chai. Nyumba zikajengwa, nzuri, zina maua madirishani. Watu wa Skelby tangu siku ile walijitahidi kumtembelea, lakini wao nao walikuwa na haya zao, hugonga mara moja wakaacha keki mlangoni wakaenda zao. Mzee alizidi kukaa kimya. Nikimpigia simu ananiuliza habari za watu wote, nikimwuliza zake anasema yupo tu.

Alikufa wakati wa baridi. Tukamzika hapa mjini, kwenye sehemu yetu, mwendo wa saa nzima na zaidi kutoka kwa mkewe. Kulia kwake yupo mtu wa Somalia asiyemjua, kushoto mtoto mchanga.

Watu wa Skelby walikuja. Sikuwatazamia, lakini walijaa uwanja mzima na makoti yao meusi, wamesimama nyuma kwa adabu, hawajui wafanye nini na mikono yao. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, mama mmoja mwenye nywele nyeupe akanijia. Aliniambia anaitwa Nora, na kwamba nyumba yake ndiyo ya kwanza ukiingia kijijini. Macho yalikuwa mekundu.

"Kwa nini wamemweka huku?" akaniuliza. "Kwa nini hayuko na mkewe? Sisi nyumbani kwangu sote tulimpigia kura."

Nilitaka kumjibu kwa Kiingereza, kikanikataa. Kile nilichokimeza siku ile ndani ya gari kikapanda chenyewe, kwa hasira na kwa kilio, na wenzetu waliokuwa nyuma yangu wakakisikia, ndio waliokieneza kila mahali mpaka kikawafikia nyinyi. Nilimshika yule mama mkono, nikaligeukia lile kaburi jipya lililo mbali na la mkewe, nikasema, asiyejihesabu hahesabiwi.