Mkono Ulioshika Mizani

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa milimani kule Yemen, zama za wema waliotutangulia, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Bibi Rababu binti Ghanimu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mumewe alimwachia nyumba yenye ua mpana, ghala la ngano, mtoto mmoja wa kiume, na mtumwa jina lake Yakuti. Mwaka ule mvua ilikataa, njaa ikaingia mjini. Bibi Rababu akafungua ghala lake, na kila jioni maskini wakawa wanajaa uani kwake kula bokoboko.

Anayeijua bokoboko anaijua na kazi yake. Ngano na nyama hukaa motoni tangu asubuhi, na mtu husimama juu ya sufuria akikoroga na kuponda, hana ruhusa ya kupumzika. Akizubaa kidogo tu chini hushika, na kikishika chini, cha juu nacho kimekwisha haribika. Kazi hiyo ilikuwa ya Yakuti. Alikuwa na mabega mapana na ulimi wa mzaha, akiwatania maskini mpaka wakaisahau njaa kabla hata hawajapakuliwa. Watu wakasema mji wote unaishi kwa mwiko wa Yakuti, na hawakukosea sana.

Basi mtoto wa Bibi Rababu akaugua, homa ikampanda, waganga wakanyoosha mikono. Mama akasujudu chumbani peke yake, akatamka: "Mola wangu, ukimponya mwanangu, Yakuti ni huru kwa ajili yako." Hakuna aliyemsikia ila Yule asiyefichwa siri. Mtoto akapona. Na hapo ndipo mtihani ulipoanza, maana sisi waja dua tunaiomba kwa machozi, na nadhiri tunaitimiza kwa hesabu.

Alimwendea Sheikh Lukmani bin Afifu, mwanachuoni wa mji ule, akamweleza yote. Tusimdhanie vibaya Sheikh. Alikuwa mtu mwema, akiwajua maskini wa mji kwa majina yao na ya wazazi wao. Akafikiri sana, kisha akamwambia kwamba nadhiri ni deni la Mungu na haina budi kutimizwa, lakini Bibi hakutaja siku. Yakuti akiondoka leo, nani atawalisha watu? Upande mmoja wa mizani yuko mtu mmoja, tena mtu anayecheka na kushiba. Upande wa pili wako wajane, vikongwe na watoto wa mji mzima. Maslahi ya wengi ni mazito zaidi. Na angoje basi mpaka njaa ipite.

Nami nakiri kwamba nilipokisikia kisa hiki mara ya kwanza, moyo wangu ulikuwa pamoja na Sheikh.

Bibi Rababu akangoja. Maskini walishiba na kumwombea dua, lakini kila dua ilipomfikia aliona kama imepotea njia. Usingizi ukampungua. Mwishowe akateremka jikoni, akasimama karibu na moto, akamuuliza:

"Yakuti, kama ungekuwa huru, ungefanya nini?"

Mwiko ukasimama. Yakuti alizoea kujibu kabla swali halijaisha, lakini safari hii harufu ya kushika ikaanza kupanda kwanza, akashtuka, akakoroga tena kwa nguvu.

"Bibi, hilo hajaniuliza mtu," akasema. "Nina dada yangu. Tuliuzwa soko moja, yeye akapelekwa Adeni, mimi nikaletwa huku. Ningekwenda kumwambia kwamba ningali hai."

"Mbona hujapata kunitajia?"

"Ningekutajia ili iwe nini, Bibi?"

Bibi Rababu akatoka jikoni akilia. Alifahamu kwamba yeye na Sheikh waliipima furaha ya mtu ambayo hawakuwahi kumuuliza iko wapi. Walikisikia kicheko chake, wakakiandika kuwa ni furaha.

Jioni ile, watu walipokwisha kusanyika na Sheikh yupo, akasimama mbele yao akaeleza nadhiri yake na jinsi alivyoichelewesha. Akamtangaza Yakuti kuwa huru kwa ajili ya Mungu, na akamtaka msamaha mbele ya wote. Kisha manung'uniko yakaanza. Hamduni, mfanyabiashara wa ngozi, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na njaa ila alipenda bokoboko, akauliza kama kesho watapakuliwa uhuru wa Yakuti kwenye sahani. Watu wakacheka, kicheko cha wasiwasi.

Sheikh Lukmani akasema kwa upole: "Bibi, si tulikwisha pima? Huku mtu mmoja, huku mji mzima."

"Ulipima, Sheikh wangu, na mimi nikakubali," akajibu. "Lakini tuliwaweka maskini upande huu, na Yakuti upande ule. Mimi na wewe tulikuwa wapi? Wewe una mikono miwili. Hamduni anayo. Ninayo na mimi. Sadaka yangu yote hii nimeitoa kwa mgongo wa mwenzangu, na thawabu nikataka ziandikwe kwangu."

Sheikh akainamisha kichwa. Halafu akavua joho lake, akalikunja, akamkabidhi Hamduni, akaenda jikoni.

Siku ya pili Yakuti alifunga mzigo wake mdogo. Jikoni Sheikh na Bibi walikuwa wakipokezana mwiko, jasho linawatiririka, na Hamduni, aliyekuja kwa kuona haya, akichochea moto uliokwisha zidi. Yakuti alipofika langoni harufu ikamfikia. Kimeshika. Akauweka mzigo chini, akageuka.

Bibi Rababu akamwona, akamfuata mpaka langoni.

"Ukirudi leo, umerudishwa na harufu," akamwambia. "Nenda, mwanangu. Siku utakayotaka kuja mwenyewe, lango unalijua."

Yakuti akaubusu mkono wake, akauchukua mzigo wake, akashuka mlima.

Jioni ile wengi walikula nusu, na wengine walirudi nyumbani na njaa, hilo halifichwi. Ajuza mmoja asiye na meno akaonja, akaiweka sahani chini, akasema, "Leo tumepikiwa dhambi za wakubwa. Zina moshi." Lakini kesho yake alikuja, na baada ya kula akauomba mwiko akoroge kidogo. Wakafuata na wengine, kila mwenye bega kwa zamu yake, mpaka mvua ikarudi. Bokoboko yao haikupata kuwa tamu kama ya Yakuti.

Kama Yakuti alimpata dada yake, wasimuliaji hawakutufikishia. Tunamwachia Mungu. Ila wametufikishia kwamba Sheikh Lukmani alibaki na kovu la moto kiganjani, na kila alipojiwa na mtu anayetaka mwenziwe aumie kidogo kwa faida ya wengi, alikifungua kiganja kile akauliza, "Na wewe mwenyewe, umekaa upande gani wa mizani?"

Ndugu zangu, kuwajali wengi ni ibada. Lakini tuanze kutoa kilicho chetu kabla hatujatoa cha jirani. Mola atujaalie tuwe wazito pale tunapotakiwa kujipima, na wepesi pale tunapotakiwa kuushika mwiko. Amin.