Goti la Bwana Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, masufuria yao na ugomvi wao kama sisi, palikuwa na ufuko ambapo kila mtu alipanda mawimbi kwa ubao. We unayemfinya mwenzako, nakuona! Sikiliza.

Kazi ya kutangaza bahari ilikuwa ya Bwana Tembo. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya ukindu, akasimama majini, akatazama wimbi limemfika wapi, kisha akapuliza mkonga: "Paaaa! Leo wimbi la goti! Ingieni!" Akishatangaza, basi. Anayebaki nchi kavu anaitwa mwoga, na ubao wake unavunjwa.

Siku moja akatangaza la goti. Mtoto wa Sungura akaingia. Chubwi! Wimbi likamkunja, likamtwanga mchangani, akatolewa tumbo limejaa maji.

"Wimbi la goti tu limemshinda?" Tembo akasema. "Watoto wa siku hizi wamedeka!"

Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya ubao wa kwanza, siku ambayo watoto wote wadogo huingia baharini, akiwemo Kidawa, binti wa pekee wa Bi Nguchiro. Bi Nguchiro chakula hakikupita. "Sina mwingine," alijisemea. "Nina huyu huyu."

Alfajiri akamfuata Tembo. "Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba. Una nini mapema yote hii?"

"Nimekuonea huruma tu. Mtu mkubwa kama wewe, maji ya baridi kila siku, magoti hayakuumi?"

"Yananiuma mno! Tena hili la kushoto, weee, acha tu!"

"Basi wewe baki na sauti yako. Mimi nitakimbia nikupimie."

Tembo akafurahi, akajikalia zake, akaipa bahari mgongo.

Bi Nguchiro mbio, tiki tiki tiki, mpaka majini. Akatazama. Lahaula! Upepo ulitoka baharini na kuyavuruga mawimbi. Yalivunjika yote kwa mpigo mmoja, gubu! Hakuna hata mahali pa kutelezea. Akajilinganisha nayo kwa kimo. Akarudi anahema.

"Bwana Tembo! Vichwa vitano!"

"Vichwa vi... vingapi?"

"Vitano! Yanapita kichwa mara tano! Tena ni machafu, yanaponda!"

Masikio ya Tembo yakalegea. Rafiki yake Kiboko, aliyekuwa ameshabeba ubao, akauweka chini taratibu. "Mimi kwanza tumbo linanikata tangu jana," akasema.

"Paaaa! Vichwa vitano! Asiingie mtu! Nasema asiingie mtu!"

Bi Nguchiro akamkumbatia binti yake kwa nguvu.

"Mama, unanibana!"

"Nyamaza nikubane."

Ingeishia hapo, ila upepo ukaichukua kofia ya Tembo, fyuu, ikaangukia majini. Na Tembo kwa kofia yake, humwambii kitu. Akaingia kwa kunyata, macho amefumba. "Mama yangu wee, nakufa!" Wimbi likampiga. Akafumbua jicho moja. Goti! Likaja jingine. Goti!

"Nguchiro! Vichwa vitano viko wapi?"

"Hivyo hapo vinakupita, Bwana."

"Hili si la goti?"

"La goti lako. Kwa kichwa changu ni vitano." Akamsogelea Tembo alipotoka majini, akasimama kando ya mguu wake. Kichwa chake kikaishia juu kidogo ya kucha.

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya nini? Nimepima kama unavyopima wewe, kwa mwili wangu."

Mtoto wa Sungura akakohoa. Tembo akamtazama mtoto, akalitazama goti lake.

"Kumbe jana nilimtuma huyu kwenye wimbi linalomfunika," akasema polepole. "Jamani, nisameheni." Akampigia mtoto huyo magoti, hayo hayo yanayouma.

Alasiri upepo ukageuka, ukavuma kutoka bara, mawimbi yakalainika. Yakaja madogo, yakivunjika polepole kuanzia upande mmoja. Bi Nguchiro akapima, akamnong'oneza Tembo.

"Paaaa! Wimbi la goti! Goti la Kidawa!"

Watoto wakaingia kwa vigelegele. Kidawa akayumba, akasimama, swaaa, mpaka mchangani. Bi Nguchiro akaketi puu, akashusha pumzi aliyoibana tangu jana, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama, nimepanda! Umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Nimekuona."

Hadithi yangu nimeianika hapo mchangani, na neno lake ni hili: anayewapimia wenzake na apime kwa miguu yao, si kwa yake.