Pia ya Kilo Tano na Kiti Kimoja cha Ndege

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na chuo cha ufundi huko nyanda za juu, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Sogeeni, maana kesi hii imenishinda, nataka mniamulie ninyi.

Siku moja alifika chuoni rubani, Kapteni Mgaya. Aliwahi kusoma hapo kabla hajaenda kujifunza kurusha ndege. Sasa alikuwa na ndege ndogo ya viti viwili: kimoja chake, kimoja cha abiria. Akawaambia wanafunzi:

"Wanangu, nikiwa ndani ya mawingu sijui juu wala chini. Kinachonionyesha ni jairoskopu. Pia ya watoto mnaijua? Ikizunguka kwa kasi inasimama wima, ikichoka inaanguka. Basi jairoskopu ni pia iliyofungwa ndani ya fremu. Nitengenezeeni moja kubwa, darasa zima liione, niipeleke shule kwa shule. Lakini ibebeke mgongoni, isizidi kilo tano, maana kuna shule ambazo gari halifiki. Nawapa wiki sita."

"Na zawadi je, Kapteni?"

"Atakayestahili nitampandisha angani tuizunguke milima yote hii. Ila kiti ni kimoja."

Kazi wakapewa watatu. Wa kwanza Atupele, binti wa fundi cherehani, asiyegusa mkasi kabla ya kupima mara tatu. Wa pili Nsajigwa, kijana wa mashine ya kukereza, ambaye chuma mkononi mwake kilikuwa kama ugali. Wa tatu Mwanakombo, aliyetoka Tanga, mwenye kuvaa masweta mawili na kusema maneno machache.

Atupele akakaa na karatasi. Akachora, akapima, akajumlisha uzito. Kilo kumi na moja! Akachana. Akachora tena. Kilo nane! Akachana. Wenzake wakalalamika, "Wiki ya pili inakwisha, hata msumari hatujagonga!" Atupele akachukua karatasi nyingine. Mara ya tatu akatupa gurudumu la chuma alilokuwa amelifikiria, akaweka gurudumu la baiskeli ya mtoto, fremu ya bomba jembamba, na kisimamio cha miguu mitatu inayokunjwa. Akajumlisha. Kilo nne na nusu. Akaandika na ratiba: siku hii kukata, siku hii kuchomelea, siku hii kukabidhi. Mwalimu wao, Mwalimu Kihwele, alipouona mpango ule alisema, "Huu hata mimi naweza kuujenga nikiwa nimefumba macho."

Nsajigwa akashika kazi. Akakata, akakereza, akachomelea. Lakini gurudumu walilopata lilikuwa kuukuu, gololi zake zimeliwa na kutu. Duka la karibu halikuwa nazo, na kuagiza mjini ni siku kumi. Nsajigwa akatoka nje, akaipindua baiskeli yake mwenyewe, akachomoa gololi za gurudumu la mbele, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazitia kwenye pia. Tangu siku hiyo akawa anakuja chuoni kwa miguu, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwenye mvua na matope. Akiulizwa baiskeli iko wapi anajibu, "Imepumzika."

Wiki ya tano pia ikawa tayari. Wakaiweka mezani, wakaivuta kwa kamba. Vuuu! Ikazunguka. Lakini meza nayo ikaanza kutetemeka, na pia ikaondoka zake ikitembea kama mlevi, mpaka ukingoni, ikaipiga teke chai ya Mwalimu Kihwele. Watu wakacheka hadi machozi.

Ikavutwa tena, ikasimama kidogo, ikaanguka. Nsajigwa akasema, "Inatosha. Imesimama, tumeiona." Atupele akasema, "Ratiba inasema kesho ni kukabidhi." Hata Mwalimu akasema, "Haya, tieni sahihi hati ya kukabidhi."

Mwanakombo akaiweka kalamu chini. "Mimi sitii."

"Kwa nini, dada?"

"Hii itamwangukia mtoto wa watu miguuni."

Wakamkasirikia. Siku mbili hawakula naye meza moja. Yeye akabaki na gurudumu. Akalizungusha polepole, likasimama. Akalizungusha tena, likasimama. Kila mara upande uleule unashuka chini. Akautia alama ya chaki. Upande ule mzito, huu mwepesi! Basi akawa anazungushia vipande vya waya wa risasi kwenye spoki za upande mwepesi, kidogo, kidogo tena, akipunguza, akiongeza, mpaka gurudumu likasimama popote alipoliacha.

Wakaita watu. Wakaivuta kamba. Vuuu! Pia ikasimama wima, kimya kama inasali. Wakaiinamisha, ikakataa kuanguka. Nsajigwa akamnyanyua Mwanakombo juu na masweta yake mawili.

Kapteni Mgaya akaja, akaipima: kilo nne na robo tatu. Akaibeba mgongoni, akakimbia nayo uwanja mzima akicheka kama mtoto. Kisha akasema, "Sasa, nani anapanda?"

Atupele akasema, "Kapteni, mimi. Wao walikuwa na mikono, lakini mikono ilikuwa haijui ishike nini. Kila walichogusa kilitoka kwenye karatasi yangu."

Nsajigwa akasema, "Kapteni, mimi. Karatasi haizunguki. Wenzangu walitoa akili na akili bado wanayo. Mimi nilitoa baiskeli, na hadi leo natembea."

Mwanakombo akasema, "Kapteni, mimi. Wao walitengeneza kitu kinachoanguka, na walikuwa tayari kukukabidhi. Nilikataa peke yangu, nikanuniwa peke yangu, nikakitengeneza peke yangu."

"Kupima usawa wa gurudumu sikukuandika kwenye ratiba, hilo nakubali," Atupele akasema. "Lakini Mwanakombo asingekuwa na gurudumu la kupima bila mimi."

"Wala lisingezunguka bila mimi," akasema Nsajigwa.

"Wala lisingesimama bila mimi," akasema Mwanakombo.

Mwalimu Kihwele akashauri wapige kura. Kapteni akakataa: "Kura haijui nani alifanya nini." Akavua kofia, akajikuna kichwa, akawatazama mmoja mmoja. Injini ilikuwa inanguruma, mlango wa ndege uko wazi, na wote watatu wanamtazama yeye.

Haya, wasikilizaji wangu, kofia ya Kapteni nawavika ninyi. Kuna aliyewaza, kuna aliyejinyima, kuna aliyethubutu kukataa. Je, nani alistahili kiti kile?