Mvunja Springi za Sultani Mwenyefaki

Hivi wewe uliyekaa kitako hapo, ushapata kuona fundi akitiwa pingu kwa kosa la shimo? Hujaona? Basi tega sikio.

Hapo zamani palikuwa na Sultani jina lake Mwenyefaki, mtawala wa mji wa Kitongani, naye alikuwa na motokaa, ya pekee katika nchi yote. Kila Ijumaa huipanda kwenda msikitini, na kila Ijumaa springi ya mbele huvunjika njiani, ikawa Sultani anafika sala imekwisha na kilemba kimemfunika macho. Ikivunjika, mhunzi aliyeifua hukamatwa. Akaja mhunzi mwingine, akafua springi nene kuliko ya kwanza, nayo ikavunjika, naye akamfuata mwenzake gerezani. Basi Waziri wa Njia, Badrudini, akaunda kamati. Kamati ikala pilau, ikakaa, ikala tena, kisha ikatoa ripoti: chuma cha nchi hii hakina adabu. Finish. Kikaagizwa chuma cha ng'ambo kupitia kwa shemeji yake Waziri, nacho kikavunjika vilevile, pengine kwa adabu zaidi.

Ikafika zamu ya mhunzi Shaali. Sultani alikuwa amechoka kulisha wafungwa, akaapa kuwa safari hii springi ikivunjika, mhunzi atakatwa mkono wa kulia. Ikavunjika. Shaali akachukuliwa.

Sasa huyo Shaali alikuwa na mpwawe, Mbwarali, kijana aliyesoma hesabu na falaki mpaka vyeti vikamjaa sandukuni, na kila alipoomba kazi ngomeni kwa Sultani aliulizwa uzoefu wake uko wapi, kana kwamba watoto wa mawaziri huzaliwa nao mkononi. Ikawa anakaa kwa mjomba, akila kwa jasho la mkono uleule uliokuwa ukingoja panga. Aliposikia habari alivaa kanzu yake moja, akaenda moja kwa moja barazani.

"Dumu, ewe Sultani," akasema. "Mjomba wangu hakuvunja kitu. Nipe muhula, nami nitakuletea aliyevunja."

Waziri Badrudini akacheka. "Bwana wangu, huyu hata kandambili zake zimemshinda kushona."

Lakini Sultani alikuwa na hasira za wiki nyingi. "Mlete," akasema. "Mlete mbele ya kiti hiki Ijumaa kabla ya sala, akiwa katika mavazi yaleyale avaayo siku ya uovu wake. Usipomleta, mkono wa mjomba wako utakwenda, na wako utafuata."

Mbwarali akamwendea dereva Songoro, akamkuta akiisugua motokaa kwa kitambaa, akamuuliza kama springi huvunjika anapokwenda bandarini kuchukua mizigo ya jikoni. Songoro akasema hata siku moja, na njia ni hiyohiyo.

"Sasa Ijumaa kuna nini, kaka?"

Songoro akatazama huku, akatazama kule. "Siku nyingine," akasema, "naona ninapokanyaga."

Hapo Mbwarali akakaa chini, akashika kichwa, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Maana ilikuwa desturi ya Kitongani kwamba kila Ijumaa, kabla Sultani hajatoka, watu wa Waziri hutandika mazulia mekundu toka ngomeni hadi msikitini. Wao walisema ni heshima. Heshima gani, wallahi? Njia nzima ilikuwa mashimo matupu, na mazulia yalikuwa yanayaficha yasionekane na macho ya mfalme. Dereva naye akawa anaendesha kama kipofu.

Basi Alhamisi, Sultani akiwa katika usingizi wa mchana, Mbwarali akawaomba walinzi wamfungulie baraza, amtayarishie mhalifu mahali pake. Wakamfungulia, kwani amri ilikuwa mbele ya kiti na si kwingineko, naye akaingia na jembe na zulia jekundu begani.

Ijumaa watu wakajaa. Shaali akaletwa na kamba zake. Sultani akauliza, "Yuko wapi?"

"Yupo mbele ya kiti chako, bwana, na mavazi ni yaleyale."

"Mimi naona zulia tu," akasema Waziri.

"Basi sogea, Mheshimiwa, umpe mkono."

Waziri akajikunjua, akapiga hatua ya madaha, akazama mpaka kifuani. Zulia likamfuata kama shuka. Sultani akainama, akalichungulia shimo, akauliza wahalifu kama huyo wako wangapi njiani.

"Waulizwe waliowavika nguo, bwana."

Sultani akaanza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akashikilia kiti. Akaamuru kamba za Shaali zikatwe na wahunzi wote watolewe gerezani, akasema Mbwarali ndiye Waziri wa Njia tangu saa ile.

"Bwana wangu," sauti ikatoka shimoni, "kijana hana uzoefu."

"Kweli," akasema Mbwarali. "Uzoefu wa kutandika zulia juu ya shimo sina."

Basi Badrudini akapewa jembe, akaambiwa aanze na shimo alilomo, kisha aendelee hadi msikitini, kwa mkono wake wa kulia.

Nanyi mlioshika njia zetu leo, msijifanye hamkusikia. Kabla hamjamtia fundi mwingine pingu, kunjeni mazulia yenu yote, mshuke kwenye magari yenu, mkanyage wenyewe.