Jogoo Aliyesubiri Madhabahuni

Ukimaliza kusoma ujumbe huu, usimtumie mtu mwingine kabla hujajitumia mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu ni hodari sana wa kusambaza mawaidha, na mimi nimo.

Kulikuwa na mama mmoja huko milima ya Upare, jina lake Nakunda. Ndiye aliyekuwa akisoma masomo ya Biblia kanisani, na kusoma alijua haswa. Sauti yake ilifika mpaka kwa wale wanaokaa benchi la nyuma wakisinzia. Hata misibani, wasifu wa marehemu alipewa yeye asome.

Alikuwa na msemo wake: "Mimi sina neno na mtu." Akisalimiwa, sina neno. Akiulizwa habari za mdogo wake Eliapenda, ambaye hawakuwa wamesemezana naye miaka sita, anajibu vilevile: "Mimi nimeshamsamehe. Sina neno naye." Anasema huku ameinua kidevu.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Watu walileta maharage, tangawizi, mikungu ya ndizi. Nakunda alileta jogoo mwekundu, mnene, akamweka chini mbele ya madhabahu akiwa amefungwa miguu. Kisha akapanda kusoma Injili ya siku hiyo, Mathayo sura ya tano.

Alisoma vizuri mpaka pale Bwana Yesu anaposema habari za mtu anayeleta sadaka, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake "ana neno juu yako." Hapo ulimi ukagoma.

Jamani, mistari hiyo alikuwa ameisoma mara ngapi? Lakini siku ile ndipo alipoiona. Haikuandikwa, ukikumbuka kwamba wewe una neno na ndugu yako. Imeandikwa yeye ana neno juu yako! Miaka sita Nakunda alikuwa akijibu swali ambalo hakuulizwa.

Akafunga Biblia, akashuka, akashika njia ya mlangoni.

"Mama Nakunda, unakwenda wapi?" akauliza Mchungaji Mrutu.

"Nakwenda kufanya nilichosoma, Mchungaji: niache sadaka, kwanza nikapatane na ndugu yangu. Jogoo wangu asiguswe mpaka nirudi."

Watu wakacheka. Wakadhani atarudi kabla ya mnada wa kuuza sadaka za mavuno. Mnada ulianza, ukaisha, na jogoo akabaki peke yake mbele ya madhabahu.

Eliapenda aliishi ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima wa kushuka na kupanda. Nakunda alimkuta nje anapukuchua mahindi. Njiani alikuwa amejishauri, akaamua kwamba ugomvi ni wa shamba la mama yao, maana yeye ndiye aliyepata upande wa juu wenye maji ya mfereji.

"Mdogo wangu, nimekuja tupatane. Chukua shamba la juu, lote, na migomba yake."

Eliapenda hakuinua macho. "Sina shida na migomba yako, Dada." Akabeba ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake Nakunda akaenda tena, na siku iliyofuata tena. Siku moja alilia pale mlangoni mpaka kanga ikalowa, akaambulia kikombe cha maji tu. Goti la kushoto likavimba. Akalipaka mafuta, akalifunga kitambaa, akashuka bonde.

Wenzake wakamwonea huruma. "Achana naye, shoga. Umejaribu vya kutosha, Mungu ameona."

"Nioneshe palipoandikwa ukajaribu," akawajibu. "Imeandikwa ukapatane."

Mchungaji naye akaja na kilio chake. "Mama, jogoo wako amenimalizia mahindi, na anawika katikati ya sala. Kwa nini tusimpokee tu, yaishe?"

"Huyo bado hajatolewa, Mchungaji. Mvumilie kama ninavyomvumilia mdogo wangu." Halafu akajisikia alivyosema, akaona aibu. Nani hasa alikuwa akimvumilia mwenzake?

Siku ya tisa alikwenda mikono mitupu. Akamkuta mdogo wake jikoni, akakaa chini kwenye kizingiti.

"Eliapenda, nilikuja na migomba, nikaja na machozi. Sikuwahi kukuuliza. Leo nauliza: una neno gani juu yangu?"

Mdogo wake akaepua sufuria, akamgeukia.

"Siku tuliyomzika mama, nani alisoma wasifu?"

"Mimi."

"Ulisema mama ameacha watoto wangapi?"

"Watatu."

"Tumezaliwa wangapi?"

"Wanne."

"Miezi saba nilimwogesha mama yangu, nikamlisha kwa kijiko. Nilisimama pale kaburini nangoja jina langu. Ukakunja karatasi, ukakaa. Nikajiambia, Dada amesahau, machozi yamemzidi. Nikangoja uje uniambie umesahau. Mpaka leo."

Nakunda angeweza kudaka uongo ule ambao mdogo wake alikuwa amempa bure. Mlango ulikuwa wazi. Angesema tu, kweli, nilisahau, wakakumbatiana, yakaisha.

"Sikusahau," akasema. "Nilikuruka. Ulikuwa unaishi na mwanamume bila ndoa, kanisa limekutenga, na wachungaji wageni walikuwa wengi siku ile. Nilikuonea aibu. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilijua," Eliapenda akasema, na sasa machozi yalimtoka. "Nilikuwa nangoja nisikie kutoka kinywani mwako. Lakini Dada, uliniruka mbele za watu, na msamaha unakuja kuniomba jikoni?"

Nakunda akasimama, goti linamuuma. "Jumapili njoo kanisani," akasema. "Hata ukikaa nje, njoo."

Jumapili akaomba nafasi kabla ya mahubiri. Hakupanda na Biblia. Alipanda na karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne, ule wasifu wa mama yake. Kanisa zima lilimtazama. Akaikunjua. Sauti ilifika mpaka benchi la nyuma kama siku zote.

Akausoma wote. Alipofika kwenye watoto akasema, "Hapa niliwadanganya. Mama yetu aliacha watoto wanne. Wa nne nilimruka kwa makusudi, kwa sababu ya kiburi changu, na ndiye aliyemuuguza mama mpaka pumzi ya mwisho. Jina lake ni Eliapenda."

Watu wakageuka.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye kanga kichwani. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Akatembea katikati ya mabenchi mpaka mbele, akainama, akamfungua jogoo pale alipokuwa amefungwa, akampakata. Kisha akamtazama dada yake.

"Soma tena, Dada," akasema. "Pale penye jina langu."

Nakunda akasoma tena. Ndipo wakamshika jogoo wote wawili, wakamtoa sadaka.

Funzo: Usijisifu mbele za Mungu kwamba huna neno na mtu; nenda ukaulize ni nani mwenye neno juu yako, na uliyemvunjia heshima hadharani, usimtake radhi jikoni.