Bi Mashavu na Samaki Ningu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa maji ya mto.

— Tusukutue!

Pakawa kijiti cha mswaki.

— Tusugue!

Haya, sogeeni motoni. Asiye na kigoda akalie mkeka, asiye na mkeka akalie kanga ya mwenziwe. Hadithi inakuja, mpisheni njia.

Hapo kale, zama ambazo wanyama waliamkiana kwanza kabla ya kulana, palikuwa na mto. Mtoni palikuwa na kilindi, na kilindini akikaa kiboko jike, jina lake Bi Mashavu. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Mwanamvua, aliyezaliwa wakati wa masika.

Kinywa cha Bi Mashavu kilijulikana mto mzima. Kila asubuhi alijitokeza majini, akalielekea jua, akapiga mwayo. Aaaaah! Meno meupe, marefu kama pembe, yakang'aa. Ng'ambo ya pili Mamba alikuwa amelala mchangani. Akiuona mwayo ule, alirudi nyuma hatua moja. Ndiyo maana watoto wote wa kilindi kile, wa viboko, wa bata, wa fisimaji, walicheza majini bila hofu.

Lakini meno yale hayakung'aa yenyewe, hata kidogo. Bi Mashavu alipokuwa mdogo, mama yake alimfundisha wimbo:

Ukila, sukutua,
Ukiamka, sugua,
Mwezi ukiandama
Kwa Ningu nenda, fungua.

Ningu ni samaki, mnamjua. Midomo yake inakwaruza kama msasa. Kwenye maji madogo, penye mawe, alikaa Bi Ningu na jamaa zake, na kazi yao ilikuwa kusafisha vinywa vya viboko. Waliingia mahali ambapo kijiti hakifiki, nyuma ya magego na kandokando ya fizi. Walichokitoa humo walikila. Kiboko akapata usafi, Ningu akapata kitoweo, na kila mmoja akamshukuru mwenzake.

Basi ukaja mwaka wa ukame. Majani yakakauka, Bi Mashavu akatembea mbali kutafuta malisho, na huko mbali akakuta shamba la miwa la wanadamu. Akauma muwa mmoja. Loo! Akauma wa pili. Akafumba macho. Toka siku hiyo hakula kingine.

Akirudi nyumbani tumbo limejaa, miguu imechoka, utamu ungali ulimini. Akasema, "Nisukutue ili niuondoe utamu huu? Sisukutui." Akaacha kusukutua.

Asubuhi akaamka jua limepanda. Akasema, "Kijiti cha nini sasa, na siku imeshakwenda?" Akaacha kusugua.

Mwezi ukaandama. Bi Ningu akamngoja kwenye mawe, hakumwona. Akamfuata kilindini.

"Hodi, Bi Mashavu."

"Karibu, shoga."

"Mwezi umeandama, nawe hukuja."

"Nimechoka, shoga yangu. Mwezi ujao."

Mwezi ujao ukaja.

"Hodi, Bi Mashavu."

"Karibu, shoga."

"Mwezi umeandama, nawe hukuja."

"Kwani nimekwambia jino linaniuma? Haliumi. Mwezi ujao."

Mwezi ujao ukaja.

"Hodi, Bi Mashavu."

Kimya.

"Hodi, Bi Mashavu."

Kimya.

"Mwenyewe nakuona masikio juu ya maji. Haya, kama hutaki leo, nitakungoja nyumbani kwangu." Bi Ningu akageuka, akaenda zake.

Je, mnadhani Bi Mashavu alinyamaza kwa kiburi? Hakuwa na kiburi. Jana yake Mwanamvua alikuwa akijiandaa kulala, na mama yake akainama ambusu shavuni kama ilivyokuwa ada yao. Mtoto akageuza uso. Akasema kwa sauti ndogo, maana hakutaka kumuudhi mama, "Mama, leo nibusu mgongoni."

Bi Mashavu akambusu mgongoni. Kisha akaenda peke yake penye matete, akapumulia maji yaliyotulia, akainusa pumzi yake mwenyewe. Akajua.

Tangu hapo akafumba mdomo. Akila, alikula peke yake. Akiamkiwa, aliitikia "Mm." Akiulizwa, alijibu "Mm." Majirani wakasema, "Bi Mashavu ameanza maringo." Na ile asubuhi ya mwayo ikafa. Jua lilichomoza, kinywa kikabaki kimefungwa.

Ndipo gego likaanza. Mwanzo liliuma akinywa maji ya baridi. Likaja kuuma akila. Likaja kuuma hata akiwa ametulia, linapiga du, du, du, kama mtu anayetwanga ndani ya taya. Akapaka tope la baridi shavuni, maumivu yakapoa, yakarudi. Akatafuna gome la mwarobaini, yakapoa, yakarudi. Akaegemeza shavu kwenye jiwe, yakapoa, yakarudi. Wa kumwambia hakuwa naye, maana kumwambia mtu kulitaka kufungua kinywa.

Ng'ambo ya pili Mamba alikuwa akihesabu asubuhi. Hii haikuwa na mwayo. Hii nayo haikuwa na mwayo. Akasogea hadi kwenye jiwe la katikati ya mto.

"Hujambo, jirani?"

"Mm."

Kesho yake akasogea hadi kwenye fungu la mchanga.

"Za kwako, jirani? Mbona siku hizi huzungumzi?"

"Mm."

Kesho kutwa akasogea hadi kwenye matete. Safari hii hakuamkia.

Jua lilikuwa la utosi. Mwanamvua alikuwa akipiga maji kwa miguu, anacheka. Mara maji yakafunguka, Mamba akamkamata mguu wa nyuma.

"Mamaaa!"

Bi Mashavu hakujua alifikaje. Alifungua kinywa chote, akamuuma Mamba mgongoni. Jino bovu likalia ka! Maumivu yakampanda kichwani, macho yakaingia giza, taya ikalegea kabla haijafunga sawasawa. Lakini Mamba alikuwa ameshtuka, akamwachia mtoto. Akapiga mkia, akaenda mpaka katikati ya mto, akageuka.

"Jirani," akasema, "leo nimekuona ndani. Kumbe hamna kitu. Nitarudi, na nitakuja na kaka yangu."

Bi Mashavu akamtoa mwanawe majini hadi ukingoni. Mguu ulikuwa umechanika, damu inatoka. Akaulamba, Mwanamvua akalia mpaka akachoka. Majirani wakaja, wakasema, "Tuhame." Wengine wakaanza kukusanya watoto wao. Bi Mashavu akamkabidhi bintiye kwa mama bata, akaenda kwenye maji madogo penye mawe.

Alipofika akasimama. Bi Ningu akatoka chini ya jiwe.

"Karibu, shoga. Nilikungoja."

"Mm."

"Fungua."

Bi Mashavu akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka. Akasema bila kuachanisha midomo, "Naona haya."

"Haya ya nini?"

"Kinanuka. Ngoja nikisafishe kwanza kidogo, halafu nije."

Bi Ningu akacheka, si kwa kumcheka. "Wewe umeona wapi mtu akafagia ua, kisha akaita mfagiaji? Kazi yangu ni vinywa, mama. Waje wenye vinywa visafi tu, watoto wangu watakula nini? Fungua."

Bi Mashavu akafungua, taratibu, kama mlango wa nyumba iliyofungwa siku nyingi. Ningu mmoja kijana akarudi nyuma. Bi Ningu akamtazama jicho moja tu, kijana akarudi kazini.

Bi Ningu akaingia, akazunguka, akatoka. Akasema kweli, hakuficha. "Gego moja limekufa, limepasuka, halina dawa isipokuwa kung'olewa. Hayo mengine yapo hai. Ila ukoga umeganda juu yake umekuwa jiwe, na fizi zimevimba. Mswaki hauwezi tena kuliondoa jiwe hili. Hilo ni letu. Lakini sisi tukishaliondoa, kulizuia lisirudi ni kazi yako, kila siku. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Akaitwa Mzee Kaa, mng'oaji, mwenye koleo mbili. Mzee Kaa hakuwa mwenye maneno. Alisema, "Shika jiwe," Bi Mashavu akashika jiwe kwa miguu. Akasema, "Pumua," akapumua. Akasema, "Limetoka." Na kweli lilikuwa limetoka.

Kisha ningu wakaingia kundi zima. Wakakwangua mchana kutwa, kru, kru, kru. Damu ikatoka. Bi Mashavu akashtuka, "Mnaniumiza!"

"Fizi zinazougua hutoka damu," akajibu Bi Ningu. "Wengi wakiiona huacha kusugua, na hapo ndipo ugonjwa hukaa. Wewe usiache. Sugua pole pole, itakauka."

Akarudi nyumbani. Akila, alisukutua. Akiamka, alisugua, mbele na nyuma, juu na chini, damu ikapungua, ikakauka. Muwa hakuapa kuuacha, alikula mmoja siku ya sherehe, akasukutua papo hapo. Mwezi ulipoandama, alifika kwenye mawe kabla Bi Ningu hajaamka.

Mamba akarudi, kama alivyosema, na kaka yake mkubwa kuliko yeye. Wakavuka mchana, bila kujificha. Bi Mashavu aliwangoja kwenye maji ya magoti, majirani nyuma yake. Hakunguruma. Alifungua kinywa, akakiacha wazi, jua likaingia humo likatoka.

Kaka mtu akasimama. "Ulisema hamna kitu."

"Nilisema..."

"Mimi meno ninayahesabu, ndugu yangu. Hesabu na wewe." Akageuka, akashuka na mto, na Mamba akamfuata. Kilindi hakikuhamwa.

Mguu wa Mwanamvua ulipona, lakini alichechemea kidogo maisha yake yote. Na gego halikuota tena, pengo likabaki pengo. Watoto wa kilindi wakawa wanauliza, kama watoto wanavyouliza, "Bi Mashavu, jino lako liko wapi?" Mama zao wakawakaripia, "Nyamazeni, mna adabu gani?"

"Waacheni," akasema Bi Mashavu. Akakaa chini, akawaita karibu, karibu zaidi, akafungua kinywa mbele yao wote. "Tazameni. Wewe wa nyuma, huoni, pita mbele. Hapa palikuwa na jino, nikaliacha likafa kwa sababu nilimwonea haya mganga wake. Tieni kidole, muone."

Wakatia vidole, mmoja mmoja.

Basi, wanangu, jino halisubiri uwe na nafasi. Lisugue kila siku, na umpelekee fundi wake kabla halijakuita usiku. Ukichelewa, nenda hivyo hivyo na kinywa chako kilivyo, kwani haya haijawahi kutibu jino.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Mimi nilikuwapo, nikaombwa nibaki kula miwa, nikasema nina wajukuu wanaoningoja motoni. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu sukutueni, mteme nje ya mlango.

Na wewe unayecheka huku umeziba mdomo kwa kiganja, kesho asubuhi njoo tuzungumze.