Kiboko Aliyelia Kama Farasi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na mwenyekiti wa mji, alikuwapo Bi Farasi. Hakuwa na mwenyewe wala zizi. Alizurura na mwanawe, mbavu nje, wakidokoa mashamba ya watu.

Siku moja Nguchiro akawafuma katikati ya karanga zake.

"Ala! Hamna haya? Mji mzima tumechanga pumba na dawa ya kwato kwa ajili ya farasi wasio na kwao, na zizi tukajenga. Bado mnaniibia?"

"Pumba zipi, mwanangu?" Bi Farasi akalia. "Tukienda zizini au ghalani, Bwana Kiboko mliyemkabidhi funguo anatutimua. Na Ijumaa hii mji unatuswaga porini kwa Simba, eti tumeshindikana. Mimi nimezeeka, sawa. Lakini huyu mtoto?"

Nguchiro akamwangalia mtoto akilamba maganda matupu ya karanga. Hasira zote zikamwisha.

"Twende. Jibanze nyuma ya ghala, na usitie neno."

Akagonga mlango, ngo ngo ngo! "Hodi, Bwana Kiboko!"

Kiboko akatoka, tumbo ndi! Pumba zimemganda mashavuni.

"Unataka nini, kidudu wewe?"

"Nimeleta habari tu, bwana. Ijumaa zinakuja pumba mpya uwanjani, zimechanganywa na sukari guru. Ila atapewa farasi aliyekula zile za kwanza. Sasa hawa waliokonda hivi, nani ataamini wamekula? Zitamwagwa mtoni, basi."

"Mtoni!" Mate yakamjaa Kiboko. "Hebu niambie, farasi anajulikana kwa nini?"

"Nywele shingoni, na kulia hiihihihi. Hakuna zaidi."

Kule nyuma Bi Farasi aliuma midomo asicheke. Miezi mingi ilikuwa imepita hajacheka.

Ijumaa ikafika. Wanyama walikusanyika na fimbo mkononi, na Bi Farasi akamkumbatia mwanawe kwa shingo. Nguchiro akaruka juu ya pipa.

"Mwenyekiti Tembo! Kabla hujawafukuza, uliza kwanza nani alikula pumba zetu."

Tembo akauliza. Mara, gudu, gudu, gudu! Kiboko huyo, mbio, nyasi kavu kazifunga shingoni.

"Mimi! Nimezimaliza zote, hata za mwezi huu! Hiihihihi! Sukari guru yangu iko wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tembo hakucheka.

"Leta funguo za ghala," alisema. "Na kwa kuwa umekuwa farasi, kuanzia leo utavuta mkokoteni wa maji ya zizini."

Siku hiyo mtoto alikula mpaka akasinzia, mdomo ungali ndani ya ndoo. Bi Farasi alipita nyumba kwa nyumba, hodi hodi, akisema, "Ahsanteni jamani. Nilidhani hamtupendi, kumbe mlishatoa zamani." Mwisho akafika kwa Nguchiro, machozi yakimtoka.

"Mungu akuweke, mwanangu. Nikulipe nini?"

"Karanga zangu, Bi Farasi. Zipite mbali tu!"

Basi, wanangu, kilichotolewa na wote kwa ajili ya mnyonge, mwenye nguvu akikila, tumbo lake mwenyewe litamsema.